Mtu Mgumu Niliyefanya Naye Kazi

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Hii ya karatasi huna pa kuikwepea, maana zile za mdomo nilizokupa kila asubuhi kwa miaka saba, pale chumba cha kufulia cha hospitali, sikumbuki hata moja uliyoiitikia.

Ni mimi wa mashine ya pili, yule uliyemwita Bwana Kesho mbele za watu. Najua umeshtuka. Tangu uondoke kazini, huu mwaka wa tatu, hatujajuliana hali hata siku moja. Mzee wa stoo alinipa namba yako ya simu, nikapiga mpaka kidole kikaota sugu, haipokelewi. Ndipo akanipa sanduku la posta la binti yako akaniambia, "Yule mwandikie. Akitaka atajibu, asipotaka utakuwa umefanya zoezi la mwandiko."

Chumba chetu kimefungwa, Mama. Mwaka jana hospitali iliamua mashuka yake yafuliwe na kampuni ya nje, sisi tukapewa barua za kushukuriwa tukaenda zetu. Tangu siku hiyo natafuta kazi. Nimeitwa kwenye mahojiano mara nne. Maswali ya mashine najibu vizuri, ya sabuni na madoa ya damu najibu mpaka wanaacha kuandika wananisikiliza. Halafu linakuja swali moja, na kila mahali wanalo, utadhani waliliazima kwa jirani: "Tueleze kuhusu mtu mgumu uliyewahi kufanya naye kazi, na ulivyoishi naye."

Mama, nisikufiche. Mtu huyo ni wewe.

Mara ya kwanza nilisema sijawahi kupishana na mtu tangu nizaliwe. Vijana watatu nyuma ya meza walitazamana wakatabasamu, nikajua nimekwisha. Mara ya pili nikaamua kusema kweli. Nikaanza na shikamoo zilizokosa marahaba, nikaja kwenye kufoka kwako, nikamalizia na ile siku mkono wa shati langu uliponaswa kwenye mashine ya pasi, ile yenye mapipa mawili ya moto. Unaikumbuka. Nilikuita uzime, kitufe kiko hatua mbili kutoka uliposimama, na wewe ukaendelea kukunja mashuka mpaka yule binti Mpiga Pasi akaruka kutoka upande wa pili akazima yeye. Nilipandisha shati nikawaonyesha kovu. Mama mmoja mwenye miwani akaniambia, "Pole, tumekuelewa," kwa ile sauti ya kumtoa mtu nje. Mara ya tatu nilijizuia, nikasema palikuwa na mwenzangu mkali kidogo. Wakauliza, "Wewe ulifanya nini?" Sikufanya kitu, nilikuchukia tu. Mara ya nne niliomba maji ya kunywa.

Mke wangu anasema, "Huyo Sajini wenu anakufukuza kazi na hata hayupo."

Tarehe ishirini nimeitwa tena, idara ya kufulia ya hoteli moja kubwa. Nimechoka, Mama. Nina miaka arobaini na saba. Shati la mahojiano ni moja, na kola yake imeanza kufanya nyuzi. Nimekaa kwenye viti vya korido mpaka nikikiona kiti najua kina mguu mbovu. Mke wangu anashonea watu nguo hadi macho yanamtoka machozi, na watoto wameacha kuniuliza kama nimepata.

Kwa hiyo nimeona nikuulize mwenye habari zako. Wakiniuliza juu yako, niseme nini?

Ni mimi,
wa mashine ya pili


13 Februari

Bwana Kesho,

Marahaba. Na zile nyingine zote za miaka saba, marahaba, zipokee kwa mkupuo mmoja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika nikaisukuma chini ya godoro. Mara ya pili nilicheka peke yangu mpaka binti yangu akaja kuchungulia. Mtu anakosa kazi mara nne kwa sababu yangu, na mimi nimekaa hapa nachambua mboga!

Sasa nikuambie jambo ambalo pale kazini alilijua mtu mmoja tu. Mimi sisikii. Sikio la kushoto lilikufa mwaka mmoja kabla wewe hujaajiriwa, la kulia likafuata polepole. Mtu unakaa miaka ishirini na sita kando ya mashine za kukamulia, unategemea nini? Nilikuwa nasoma midomo. Mzee wa stoo nilimsoma vizuri, ana mdomo mpana na maneno machache. Wewe ulikuwa unaongea huku umeinamia mashine, au unapita nyuma yangu na ndoo, na hata ukigeuka masharubu yamefunika kila kitu. Kumbe zilikuwa shikamoo! Mimi miaka yote nilikuhesabu mtu asiye na adabu, anaingia asubuhi kama anaingia zizini, hamsalimii mkubwa wake.

Ukali wangu nao ulitoka huko. Mtu asiyesikia ana njia mbili, aombe kurudiwa au afoke kabla hajaulizwa. Ningeomba kurudiwa wangenigundua na kunirudisha nyumbani, na watoto wangu watatu walikuwa bado shuleni. Nikachagua kufoka.

Siku ya mkono wako nilikuwa nimekupa mgongo. Niligeuka kuchukua shuka jingine nikaona watu wamekuzunguka. Nilijua papo hapo kwamba uliniita. Nilitakiwa kuja kukuambia sikukusikia, lakini neno hilo ndilo nililokuwa nalificha, nikainama nikaendelea kukunja. Hapo masikio hayana lawama. Hapo nilikosea mimi. Pole sana, mwanangu. Nimechelewa kuisema, lakini ndiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye swali lako. Niliwahi kukaa upande wa pili wa ile meza, mara mbili, nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi. Wale watu hawana haja na huyo mtu mgumu. Hawamjui, hawatamjua. Wanataka kuona uso wako unavyogeuka ukimtaja mtu usiyempenda. Ukimpaka matope wanasema kesho atatupaka sisi. Ukimpaka mafuta wanasema huyu mwongo. Kwa hiyo mimi usinipake chochote. Sema kitu kimoja nilichofanya, kitu kimoja ulichofanya wewe, na kitu kimoja ambacho leo ungefanya vingine. Kisha unyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo nyinyi wanaume mnapoanguka.

Kovu usilionyeshe. Na masharubu yapunguze.

Sajini
(Mliliandika kwa chaki kwenye kabati langu. Kusoma nasoma.)


24 Februari

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ilinikuta nimesimama, nikakaa. Mke wangu alidhani kuna msiba. Nilimpa asome, akasoma, akasema, "Kwa hiyo miaka saba mlikuwa mnasubiriana salamu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema wanaume tuna kazi, nikamwambia mwenzangu ni mwanamke, akasema basi wote.

Masharubu nimenyoa. Mtoto wa mwisho alilia aliponiona.

Tarehe ishirini nilikwenda. Walikuwa watu watatu, na aliyekuwa anauliza ni msimamizi wa idara ya kufulia mwenyewe, mama wa makamo aliyekunja mikono ya blauzi. Vidole vyake vimekauka kwa sabuni kama vyetu. Nilifarijika kidogo nilipoviona. Swali likaja. Nikasema, "Nilifanya kazi miaka saba na mama mmoja nikamhesabu jeuri. Juzi ndipo nimejua kwamba hakuwa anasikia. Nilichofanya, miaka yote nilimsalimia huku nimeinamia mashine. Leo ningekwenda nikasimama mbele yake." Nikanyamaza. Mama, kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba mashuka mabichi. Yule msimamizi hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini akaniuliza, "Juzi ulijuaje?" Nikasema nilimwandikia nikamuuliza.

Jana wamenipigia. Nimebaki mimi na mwingine mmoja! Wanataka tu mtu aliyewahi kuwa juu yangu kazini ajaze fomu ya udhamini, maswali manne, airudishe imefungwa kwenye bahasha kabla ya tarehe thelathini na moja Machi. Msimamizi wetu wa mwisho amehama, hakuna anayejua aliko. Wewe ulikuwa kiongozi wa zamu yetu. Naona hata aibu kuandika, lakini fomu nimeiambatisha. Ukikataa nitaelewa.

Kuna neno moja katika barua yako limenikaa kooni. Umesema ulikuwa unaficha. Mimi niliporudi kutoka likizo ya ugonjwa nilikuta kabati lako tupu, wakaniambia umestaafu mapema. Kwani ilikuwa ni habari ya masikio? Nani aliwaambia? Walijuaje?

Samahani kwa kuuliza. Nisalimie binti yako.

Wako,
wa mashine ya pili


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera, na sasa ndiyo umefikia pale ambapo watu hukanyaga ganda la ndizi, kwa hiyo tulia.

Fomu nimeijaza, hii hapa kwenye bahasha yake, nimeigundisha mimi mwenyewe. Usiifungue, watajua. Lakini usikose usingizi, nimekutendea haki. Swali la tatu lao linauliza kama umewahi kugombana na mwenzako na ulilimalizaje. Nimeandika hivi: "Ana hasira, lakini la moyoni hulisema usoni kwa mtu. Hajawahi kumsema mwenzake kwa wakubwa." Nadhani hilo litakufaa kuliko sifa zote za mashine.

Uliuliza walijuaje. Nitakuambia, kwa kuwa kwa sasa ni wewe tu ninayezungumza naye mambo ya kule.

Wiki mbili baada ya ajali yako, wewe ukiwa nyumbani mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka vidoleni, matroni aliniita ofisini. Mezani palikuwa na barua isiyo na jina, herufi kubwa zimepinda kama za mtoto wa chekechea, mtu kajitahidi kuficha mwandiko wake. Imeandikwa kwamba napuuza kengele za mashine makusudi, naacha watu waungue, na siku moja nitaua. Matroni hakuwa mtu mbaya. Aliinua karatasi ile ikamfunika mdomo, akaniuliza swali nyuma yake. Sikujibu. Akauliza tena, nikaona karatasi inatikisika. Kisha akaishusha, akaniandikia cheti cha kwenda kupimwa masikio. Mwezi haukuisha nikawa nyumbani, miaka minne kabla ya muda wangu.

Aliyeandika namjua. Ni Mpiga Pasi. Yeye peke yake ndiye aliyejua habari ya masikio yangu, na nilimwambia kwa mdomo wangu. Aliligundua mwenyewe kwanza, akawa kila kengele ikilia ananigusa bega anapita, hasemi kitu. Nilimpenda kwa hilo. Nilimhesabu binti yangu wa nne. Nani mwingine angejua habari ya kengele?

Amekuja hapa mara tatu, safari ya siku nzima. Mara ya mwisho alikuwa na mtoto mgongoni. Nilisimama nyuma ya pazia nikamsoma mdomo anamwambia binti yangu, "Nimemkosea nini mama?" Sikutoka. Mwaka jana alifiwa na mama yake mzazi akaleta habari. Sikwenda kuzika, sikutuma hata pole.

Mimi nikiulizwa lile swali lenu, mtu mgumu niliyefanya naye kazi ni yule. Wewe ulikuwa mvivu tu.

Peleka bahasha mapema, usingoje siku ya mwisho. Nakujua.

Mama yako wa kazini


19 Machi

Mama,

Shikamoo, na hii usiiitikie mpaka umalize kusoma.

Bahasha yako nairudisha kama ilivyokuja. Sikuifungua na sikuipeleka.

Barua ile niliiandika mimi.

Niliiandika kwa mkono wa kushoto, nimekaa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Sikuwa naficha mwandiko, siku zile sikuwa na mwandiko mwingine. Jina sikuweka kwa woga. Mkono ulikuwa unawaka mchana na usiku, na kila nikifumba macho nakuona umeinama unalinganisha pembe ya shuka na pembe nyingine, na mimi nakuita. Nilitaka uumie. Habari ya masikio sikuijua, naapa, lakini kengele nilikuona kwa macho yangu, inalia na wewe unaangalia pembeni. Nikaandika "makusudi" nikalipigia mstari.

Mpiga Pasi hajui lolote. Hakuandika, hakusema, hata mimi hakuwahi kuniambia kwamba husikii, na tulikula naye meza moja miaka yote. Amekutunzia siri yako mpaka leo, Mama. Umemfungia mlango mtu asiye na kosa, na mlango huo nimeufunga mimi.

Niliporudi nikaona kabati lako tupu nilifurahi. Sitaki kudanganya tena, kwa hiyo naandika hivyo, nilifurahi. Ilipofika mchana furaha ikaisha ikabaki hofu, nikajiambia kesho nitauliza amekwenda wapi. Kesho zangu unazijua.

Ulipoandika mwezi uliopita kwamba ulikuwa unaficha masikio, nilijua nusu ya jambo. Nilikuuliza walijuaje huku naomba jibu liwe jingine. Halafu ikaja hii ya pili, na bahasha, na maneno yale uliyoniandikia kwenye swali la tatu. Nimeyasoma nikashindwa kula.

Mke wangu nimemweleza yote. Alisema, "Peleka bahasha kwanza, kiri baadaye. Dhambi ni ileile, lakini utakuwa na kazi." Simlaumu, amechoka kuliko mimi. Nilivaa shati nikaibeba mpaka getini kwa hoteli. Mlinzi akaniuliza, "Unaleta nini, mzee?" Nikashindwa kumtajia. Nikarudi kwa miguu, na nauli ninayo mfukoni.

Sikuombi msamaha, maana nikiuomba sasa itakuwa kama naomba na fomu. Nakuomba umfungulie Mpiga Pasi. Yeye hana deni na mtu.

Ni mimi, na jina langu nilitakiwa kuliandika siku ile


29 Machi

Mama,

Shikamoo.

Huu ni ujumbe tu, sitarajii jibu. Siku kumi zimepita na nimeelewa.

Nilikwenda hotelini nikamwambia msimamizi kwamba mdhamini wangu hataweza. Akauliza kwa nini, nikasema kosa ni langu. Amenipa mpaka tarehe tano Aprili nitafute mwingine. Nimejaribu kwa mzee wa stoo, lakini hakuwahi kuwa juu yangu, na yule mwenzangu tuliyebaki naye ana barua tatu za udhamini. Nimeshamwambia mke wangu asiweke moyo huko.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Mpiga Pasi, nikamwambie mwenyewe lililotokea. Niliona nimelisogeza mbele vya kutosha. Nilibisha, hapakuwa na mtu. Jirani yake alikuwa anaanika nguo, akaniambia ametoka tangu asubuhi na mama mmoja mtu mzima aliyefika juzi kwa basi, wamekwenda kusafisha kaburi la mama yake. Nikamuuliza huyo mama yukoje. Akasema, "Mkali. Nimemkaribisha mara tatu, hajanijibu."

Nikageuka nikarudi. Nilikaa kwenye ukuta wa barabarani nikalia, mtu mzima, mchana kweupe, watu wanapita. Nitarudi kwa Mpiga Pasi siku nyingine, ukishaondoka.

Wa mashine ya pili


2 Aprili

Kwa Msimamizi,
Idara ya Kufulia

Salamu.

Mimi ni mdhamini wa mmoja wa waombaji wenu wawili wa kazi ya mashine, yule mwenye kovu la moto mkono wa kulia. Alikuambia sitaweza kuwaandikia. Hakunituma na hajui kwamba nimeandika. Fomu yenu niliijaza mwezi uliopita, nimeichana, kwa sababu nilichoandika mle hakikuwa kweli. Nafasi mliyoacha chini ya swali la tatu ni mistari miwili, hainitoshi, ndiyo maana natumia karatasi ya kawaida. Mkiwa na la kuniuliza niandikieni. Simu msipige, sisikii.

Swali la kwanza, nimemfahamu kwa muda gani. Miaka saba kwa sura na miezi miwili kwa barua. Nimemjua zaidi katika hiyo miezi miwili.

Swali la pili, juu ya kazi yake. Mashine anazijua kuliko waliompa cheti. Hachelewi, haibi sabuni, na mashuka yenye damu huyaloweka kwa maji baridi bila kukumbushwa. Akiwaambia jambo atalifanya kesho, simameni hapo mpaka alifanye leo.

Swali la tatu, kama amewahi kugombana na mfanyakazi mwenzake na alilimalizaje. Ndiyo, aligombana na mimi. Aliungua mbele yangu nikampa mgongo. Sikumsikia, lakini nilipoona kilichotokea sikwenda kumpa hata pole, na hilo ni langu. Naye akaandika barua ya siri kwa wakubwa, asiweke jina, ikanitoa kazini. Mimi nikamhukumu mtu mwingine kwa barua hiyo, binti asiye na kosa, nikamfungia mlango miaka mitatu na mazishi ya mama yake nikayaacha yapite. Hilo pia ni langu.

Mnauliza alilimalizaje. Nilikuwa nimemwandikia sifa. Bahasha imefungwa, iko mkononi mwake, imebaki kuvuka geti lenu tu. Ndani yake nimesema hajawahi kumsema mwenzake kwa wakubwa, na alijua kwamba nimesema hivyo. Hakuna aliyemshuku. Alinirudishia bahasha akaniandikia kwamba ni yeye.

Nilikaa na barua yake siku nne sili vizuri. Kisha nilipanda basi, maana na mimi nilikuwa na mlango wa kwenda kusimama nikaseme ni mimi. Nimezaa watoto watatu na nimezika mume, na sijawahi kupata shida ya kuinua mkono kama siku ile nilipobisha kwa yule binti. Alipofungua nilisahau yote niliyopanga, nikabaki nalia tu. Kwa hiyo najua alichofanya huyu bwana kilimgharimu nini, na yeye juu ya hayo kilikuwa kinamgharimu na kazi.

Swali la nne, kama ningekubali kufanya naye kazi tena. Sijamsamehe. Nimejaribu kwenye basi kwenda na kwenye basi kurudi, haijaja, na sitawadanganya mara ya pili. Akiwauliza nimeandika nini, mwambieni nimejibu maswali yote manne.

Ndiyo, ningekubali.

Aliyekuwa kiongozi wa zamu ya asubuhi,
chumba cha kufulia cha hospitali